Biashara huria: je, wahafidhina wa Marekani wamegeuka au wamerudi walikotoka?

Mwandamizi wa Upanga (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mara mada ya ushuru wa forodha wa Marekani inapoletwa humu, kuna kauli inayojirudia: kwamba Chama cha Republican, kwa kuunga mkono ushuru wa mwaka 2018 na ule mkubwa zaidi wa 2025, kimeitupa imani yake ya soko huria na kushika imani ngeni kabisa. Naomba kutofautiana na kauli hiyo, na naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko, kwa sababu hoja yenyewe haisimami bila historia. Ninavyoona mimi, wahafidhina wa Marekani hawakugeuka. Walikuwa na mapatano na walibertari, mapatano yaliyozaliwa na Vita Baridi, na vita ile ilipokwisha kila upande ulianza kurudi taratibu kwenye kile ulichokuwa ukikiamini tangu mwanzo.

Kwa msomaji asiyeyazoea majina haya, mlibertari ni mtu anayeamini kwamba kila mmoja ana mamlaka kamili juu ya nafsi yake, mali yake na mikataba yake, na kwamba serikali haina kazi kubwa zaidi ya kumlinda asidhulumiwe na wengine. Kwake, ushuru wa forodha ni serikali kujiingiza katikati ya watu wawili walioridhiana wenyewe, mmoja akiwa Ohio na mwingine akiwa Osaka. Mhafidhina huanzia mahali pengine. Yeye huanza na familia, dini, mji na taifa, kisha huuliza ni nini kitakachosalia cha vitu hivyo baada ya mabadiliko kupita. Watu hawa wawili wanaweza kupiga kura upande mmoja kwa miaka 40 bila kuwa na imani moja, na ndivyo ilivyokuwa.

Anayemjua Ronald Reagan peke yake atashangazwa na historia ya chama hiki. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa taifa lile, aliwasilisha bungeni Desemba 1791 ripoti kuhusu viwanda, akitaka nchi changa isaidie viwanda vyake mpaka viweze kushindana na vya Uingereza. Henry Clay aliiendeleza fikra hiyo, na Abraham Lincoln, aliyemwona Clay kuwa kiongozi wa kuigwa, akaingia nayo katika Chama cha Republican. Waliokuwa wakiililia biashara huria wakati ule walikuwa hasa mabwana wa mashamba ya pamba wa Kusini, waliouza pamba yao Liverpool na kutaka kununua bidhaa za Waingereza kwa bei nafuu, na pamba hiyo ililimwa na watumwa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo walibertari wanaozungumza kana kwamba biashara huria na uhuru wa mtu vimeandamana siku zote. Mwaka 1832 jimbo la South Carolina lilitangaza kwamba sheria ya ushuru ya taifa haina nguvu ndani ya mipaka yake, na nusura mambo yafikie mapigano.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Republican ndicho kilichokuwa chama cha ushuru mkubwa kwa zaidi ya miaka 60. Sheria ya 1890 iliyobeba jina la William McKinley ilifikisha wastani wa ushuru, kwa bidhaa zilizokuwa zikitozwa, karibu na asilimia 50. Hata ile sheria ya Juni 1930 ambayo wachumi huitaja kwa uchungu mpaka leo ilibeba majina ya Warepublican wawili, Seneta Reed Smoot wa Utah na Mbunge Willis Hawley wa Oregon. Na Rais Herbert Hoover aliisaini ingawa wachumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemwomba asiisaini. Aliyeanza kuufungua mlango alikuwa Mdemocrat, Cordell Hull, waziri wa mambo ya nje wa Franklin Roosevelt, aliyeipigania sheria ya 1934 ya kupunguziana ushuru na nchi nyingine, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya kufikia GATT, mkataba wa nchi nyingi wa kupunguza ushuru, mwaka 1947.

Sasa tuje kwenye mapatano niliyoyataja. Mwaka 1955 William F. Buckley alianzisha jarida la National Review, na katika kurasa zake Frank Meyer alijenga hoja kwamba uhuru bila maadili hupotea, na maadili yanayolazimishwa na dola si maadili. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini kilichowafunga pamoja kwa nguvu zaidi kilikuwa Moscow. Soko la Marekani lilifunguliwa kwa Japani, Ujerumani Magharibi na Korea Kusini ili nchi hizo zishibe na zisiangukie mikononi mwa ukomunisti. Mhafidhina aliona usalama wa taifa, mlibertari aliona uhuru wa mnunuzi, na wote wawili wakaunga mkono jambo lilelile kwa sababu tofauti kabisa. Mchumi Friedrich Hayek, ambaye pande zote mbili hupenda kumnukuu, hakudanganyika. Mwaka 1960 aliandika insha nzima kueleza kwa nini yeye si mhafidhina, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba mhafidhina haoni ubaya wa nguvu za dola maadamu zinatumika kwa lile analoliona kuwa jema.

Reagan mwenyewe alihubiri biashara huria na kuivunja alipoona haja. Mwaka 1981 serikali yake iliibana Japani mpaka ikakubali kujiwekea kikomo cha magari milioni 1.68 kwa mwaka. Mwaka 1983 aliweka ushuru wa asilimia 45 juu ya pikipiki kubwa kutoka nje ili kuiokoa Harley-Davidson, na mwaka 1987 akatoza asilimia 100 kwa baadhi ya vifaa vya elektroniki vya Japani. Mwaka uliofuata alisaini mkataba wa biashara huria na Kanada. Sioni unafiki hapo. Naona rais aliyekuwa akiongoza kundi lenye imani mbili na akijitahidi kulitunza lisivunjike.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, kilichokuwa kikiwafunga kikaondoka. Tazameni kura ya Novemba 1993 katika Baraza la Wawakilishi juu ya NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Mexico: 234 kwa 200, na kati ya waliounga mkono, Warepublican walikuwa 132 na Wademocrat 102 tu, ingawa rais aliyekuwa akiupigania mkataba huo, Bill Clinton, alikuwa Mdemocrat. Ukiishia hapo utasema chama kilikuwa bado cha soko huria. Lakini mwaka uliotangulia Pat Buchanan, mhafidhina wa Kikatoliki aliyewahi kufanya kazi na Nixon na Reagan, alikuwa amempinga rais wa chama chake mwenyewe katika kura za mchujo, na mwaka 1996 akashinda New Hampshire akisema waziwazi kwamba nchi si soko na mfanyakazi si gharama. Wakuu wa chama walimwona kama mtu wa zamani aliyepotea njia. Ninavyoona, alikuwa akisema maneno ambayo McKinley angeyatambua mara moja.

Kisha ikaja China, iliyojiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Ajira za viwandani Marekani zilikuwa takriban milioni 17 mwaka 2000, na kufikia 2010 zilikuwa zimeshuka hadi karibu milioni 11.5. Si zote zilizochukuliwa na China, kwa kuwa mashine na mtikisiko wa uchumi wa 2008 vina sehemu kubwa, lakini utafiti wa David Autor, David Dorn na Gordon Hanson ulionyesha jambo ambalo nadharia haikulitarajia. Katika miji kama Hickory, North Carolina, uliokuwa ukiishi kwa fanicha, waliopoteza kazi hawakuhama kwenda kwenye kazi mpya kama vitabu vilivyotabiri. Walibaki, mishahara ikashuka na kukaa chini kwa miaka mingi, na wengi zaidi wakaanza kuomba malipo ya ulemavu. Mtu wa miaka 50 mwenye nyumba ambayo hapati wa kuinunua, mama mzazi anayemtegemea na kanisa alilobatiziwa hahami kwa sababu bei ya makochi imepungua.

Hapo ndipo penye mgongano wa kweli. Mlibertari anapima biashara kwa kile anachopata mnunuzi, na mhafidhina anaipima kwa kile kinachobaki cha mji. Katika kueleza kilichoikuta Hickory, wahafidhina wako sahihi. Katika kile wanachopendekeza kifanyike, nina mashaka makubwa, na ndiyo maana nimeileta mada hapa badala ya kuihitimisha peke yangu.

Naomba kuwasilisha.

Bint Saadani

Mleta mada, nakupongeza kwa andiko lililopangika, lakini naona umewapunguzia walibertari hoja yao mpaka imekuwa hoja ya bei rahisi tu. Hoja yao kubwa zaidi inahusu madaraka. Ushuru unampa mtu mmoja aliyeketi ofisini uwezo wa kuamua nani anusurike na nani afilisike, na aliye karibu na ofisi hiyo ndiye anayenusurika.

Chukua mfano wa mashine za kufulia. Februari 2018 Marekani ilianza kutoza ushuru wa hadi asilimia 50 juu ya mashine kutoka nje, baada ya Whirlpool kuomba ilindwe. Wachumi wa Benki Kuu ya nchi hiyo na wa Chuo Kikuu cha Chicago walifuatilia bei madukani na kukuta kwamba zilipanda kwa takriban asilimia 12. La ajabu ni kwamba mashine za kukaushia nguo nazo zilipanda bei kwa kiasi kilekile, wakati hazikuwekewa ushuru wowote, kwa sababu Wamarekani huzinunua mbili kwa pamoja na wenye viwanda waliona nafasi ya kuongeza faida kwa zote mbili. Ajira zilizopatikana zilikadiriwa kuwa 1,800. Gharama kwa wanunuzi ilikuwa kama dola bilioni 1.5 kwa mwaka, na ukitoa mapato yaliyoingia hazina, kila ajira iligharimu takriban dola 815,000. Naomba mhafidhina anieleze ni mji gani uliookolewa kwa hesabu hiyo.

Na ushuru ukishawekwa hauondoki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilibana kuku wa Marekani kwa ushuru. Marekani ikajibu mwaka 1964 kwa kutoza asilimia 25 juu ya brandi, wanga wa viazi na magari madogo ya mizigo. Ugomvi wa kuku ulisahaulika zamani, lakini ushuru wa pikapu upo hadi leo. Ford, kampuni ya Kimarekani yenyewe, ilikuwa ikitengeneza magari ya Transit Connect Uturuki na kuyapakia melini yakiwa na viti vya nyuma na madirisha, ili forodha iyahesabu kuwa ya abiria na kuyatoza asilimia 2.5. Yakishafika Baltimore, viti vilifunguliwa, vioo vya nyuma vikatolewa na kuwekwa bati, na gari likauzwa kuwa la mizigo. Serikali ililifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365 kulimaliza. Fikiria kazi ya mikono iliyopotea kwa kutengeneza kiti ambacho hakuna mtu aliyekusudiwa kukikalia.

Kuhusu NAFTA, si walibertari wote waliokuwa upande wake. Murray Rothbard aliupinga, na Ron Paul aliipinga mikataba ya aina hiyo, kwa hoja kwamba biashara huria haihitaji mkataba wa maelfu ya kurasa, na kwamba kila ukurasa unaoongezwa ni kipengele ambacho mtu fulani amekiombea. Kwa hiyo usituweke sote katika kapu la wakubwa wa viwanda.

Jambo la mwisho ni la mwaka 2025. Rais alitangaza ushuru wa Aprili kwa kutumia sheria ya dharura ya 1977. Waliokwenda mahakamani mapema hawakuwa Wademocrat peke yao. Kituo cha sheria cha walibertari, Liberty Justice Center, kilimwakilisha mwagizaji mdogo wa mvinyo wa New York, V.O.S. Selections, na Mei 28, 2025 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikaamua kwamba sheria ile haimpi rais mamlaka hayo. Mahakama ya rufaa iliuthibitisha msimamo huo Agosti 29 kwa majaji 7 dhidi ya 4. Mhafidhina aliyeimba Katiba miaka yote alipaswa kuwa wa kwanza kufungua shauri hilo.

Fundi wa Ohio

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Morogoro niliyehamia Ohio, na ninachangia kile nilichokiona kwa macho. Mwaka 2018 nilikuwa nikifanya kazi katika karakana inayotengeneza rafu za chuma za maghala. Ushuru wa asilimia 25 juu ya chuma ulipoanza, msimamizi wetu alikuwa akiandika bei ya koili kwa chaki ubaoni karibu na mashine ya kukunja bati, na kila Jumatatu alikuwa akifuta na kuandika kubwa zaidi. Tulikuwa tukinunua chuma cha Marekani, si cha nje, lakini wenye vinu vya ndani walipandisha bei yao mara tu ushindani ulipopungua. Zamu ya usiku ikafutwa. Kwa upande mwingine, jirani yangu ambaye familia yao imefanya kazi kwenye kinu cha chuma tangu enzi za babu yake alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliona kiongozi amekumbuka kwamba wapo.

Nimeyaeleza yote mawili kwa sababu humu mnazungumza kana kwamba kuna mfanyakazi mmoja upande mmoja na mnunuzi mmoja upande mwingine. Viwandani wanaotumia chuma ni wengi sana kuliko wanaokiyeyusha. Unapomlinda mmoja unamtoza mwenzake wa mtaa huohuo, na wote wawili wanaweza kuwa wahafidhina wanaosali kanisa moja.

Mwana Gikomba

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Naomba niongeze upande ambao sisi huku tuliuonja, kwa sababu unaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyosafiri vibaya.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vipate nafasi ya kupumua. Hoja yao haikutofautiana na ya Hamilton. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo, kikidai nchi zetu zinavunja masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia kule bila ushuru. Kenya ilijiondoa mapema katika mpango wa kuondoa mitumba, kwa kuwa viwanda vya nguo vinavyouza Marekani, kama vile vya Athi River, vingeumia. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza msimamo. Rwanda peke yake, ambayo ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia, na Julai 2018 ikasimamishiwa faida za AGOA kwa nguo zake.

Tazameni tarehe. Machi 2018 serikali hiyohiyo ya Marekani iliweka ushuru wa chuma kwa jina la kulinda viwanda vyake, na miezi minne baadaye ikaiadhibu Rwanda kwa kulinda vyake. Sijui mhafidhina wa kweli anaweza kulitetea hilo kwa kanuni gani, kwa maana kama mji wa Hickory una thamani, Kigali nayo ina thamani kwa watu wake. Wala mlibertari hawezi kujificha hapo, kwa sababu chama kilicholalamika kilitumia dola kupata soko.

Pamoja na hayo nitasema ukweli wangu: mama muuza mitumba wa Gikomba anayefungua bale saa kumi na moja alfajiri, akatenga fasta kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, upande mmoja na za kawaida upande mwingine, hakuulizwa na yeyote mwaka 2016. Marufuku ile ingemwondoa sokoni kabla kiwanda cha kwanza hakijafunguliwa. Katika hilo nipo pamoja na Bint Saadani.

Mzee wa Mji Mkongwe

Vijana wangu, nimefurahi kuona mjadala wenye adabu. Mleta mada anasema wahafidhina wamerudi kwenye imani yao. Ningependa atutazamishe Uingereza kabla hajaliita jambo hilo imani.

Kule, wahafidhina walikuwa chama cha wenye ardhi, na tangu 1815 sheria za nafaka ziliilinda ngano yao dhidi ya ngano nafuu ya nje, huku wafanyakazi wa Manchester wakila mkate wa bei ya juu. Richard Cobden na wenzake walipambana nazo kwa miaka mingi, na mwaka 1846, njaa ikiwa imeikumba Ireland, waziri mkuu mhafidhina, Robert Peel, akazifuta kwa kura za wapinzani, kwa kuwa wengi wa wabunge wake walimwasi. Chama kilipasuka. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain alikipasua tena kwa kudai ushuru utakaozipendelea koloni, na mwaka 1906 kikashindwa vibaya katika uchaguzi. Mwaka 1932 kikayakubali yaleyale. Baadaye, enzi ya Margaret Thatcher, kikawa chama cha soko huria.

Nasi tulikuwemo ndani ya hadithi hiyo. Upendeleo wa koloni haukuweza kutumika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia mkutano wa Berlin wa 1885, ilitaka mataifa yote yatozwe ushuru sawa katika eneo hilo. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Japani vilienea Afrika Mashariki, na wenye viwanda wa Lancashire wakalalamika wasipate msaada. Mwananchi wa kawaida alivaa nguo nafuu kwa sababu ya mkataba ambao hakushirikishwa kuuandika.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada ni hili: kama chama kilekile kinabadilika kila anayekipigia kura anapobadilika, kutoka mwenye shamba hadi mwenye benki hadi mfanyakazi wa kiwanda, je, tunazungumza juu ya kanuni au juu ya maslahi?

Mwandamizi wa Upanga

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni wote.

Maslahi yapo, na sitayakana. Lakini maslahi peke yake hayaelezi kila kitu. Wakulima wa soya wa Iowa walikuwa na kila sababu ya kuukataa ushuru wa 2018, kwa kuwa China ilijibu kwa kuacha kununua soya yao, na bado wengi wao waliendelea kukiunga mkono chama. Mtu anaweza kukubali hasara ya mfuko wake kwa ajili ya jambo analoliona kubwa kuliko mfuko, na hilo ndilo walibertari wanalopata tabu kulieleza. Kinachobadilika kwa mhafidhina ni kile anachokiona kuwa hatarini. Kwa bwana wa ardhi wa 1846 kilikuwa kijiji na shamba, kwa mwenzake wa 1960 ilikuwa nchi huru mbele ya ukomunisti, na kwa wa leo ni mji wa kiwanda. Kipimo kilibaki kilekile hata pale jibu lilipokuwa baya, na mara nyingi lilikuwa baya.

Dada Bint Saadani, kuhusu madaraka nakubaliana nawe kabisa, na mfano wa mashine za kufulia sina jibu lake. Aprili 2, 2025, siku ileile ushuru mpya ulipotangazwa, Seneti ilipiga kura 51 kwa 48 kupinga dharura iliyotumika kuitoza Kanada, na Warepublican wanne walivuka mstari. Mmoja alikuwa Rand Paul, seneta mwenye mwelekeo wa kilibertari, ambaye kwake hilo ni jambo la kanuni tupu. Mwingine alikuwa Mitch McConnell, mwanachama wa kizazi kile cha Reagan. Wanne kati ya 53 ndio waliosimama. Wahafidhina waliobaki walikabidhi uwezo wa kutoza kodi, ambao Katiba yao imeuweka mikononi mwa Bunge, kwa mtu mmoja. Kwa kipimo chao wenyewe, hilo ni kosa.

Lakini nataka niwaulize walibertari jambo moja ambalo halijaguswa. Mwaka 1962, John Kennedy alipokuwa akifungua biashara na Ulaya, aliweka katika sheria ileile mpango wa kuwasaidia wafanyakazi watakaopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje: mafunzo, posho, nauli ya kuhama. Makubaliano yalikuwa ya wazi, kwamba taifa zima litafaidika na watakaoumia watafidiwa. Mpango huo haukuwahi kupewa fedha za kutosha. Walibertari waliuita ruzuku, wahafidhina wengi waliuita ustawi wa jamii unaomfanya mtu mvivu, na Julai 2022 muda wake ulipokwisha Bunge halikuuhuisha. Mpango wa fidia uliachwa ufe, na sehemu iliyobaki ya sheria ya 1962, kifungu cha usalama wa taifa, ndiyo iliyotumika mwaka 2018 kuweka ushuru wa chuma. Kama watu wa Hickory wangefidiwa kwa dhati tangu 2001, siamini kwamba mjadala huu ungekuwa na ukali ulio nao sasa. Kwa nini walibertari, ambao hesabu yao inasema faida ya biashara ni kubwa kuliko hasara, waliona ugumu kuigawa faida hiyo?

Bint Saadani

Kaka, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kuzunguka. Kama ningelazimika kuchagua kati ya ushuru na fidia, ningechagua fidia, kwa sababu fidia inaonekana kwenye bajeti na mpiga kura anaweza kuihoji, wakati ushuru umejificha ndani ya bei ya mashine ya kufulia. Milton Friedman mwenyewe alikuwa tayari kuwapa maskini fedha taslimu mkononi kupitia mfumo wa kodi, kwa hiyo si kweli kwamba upande wetu wote unaona kumsaidia aliyeumia kuwa dhambi. Waliokataa walifanya vibaya.

Ila tazama nani aliyefidiwa hatimaye. China ilipoacha kununua soya, serikali ilitangaza mwaka 2018 na 2019 misaada ya jumla ya dola bilioni 28 kwa wakulima, iliyopitia wizara ya kilimo bila Bunge kuijadili kama sheria mpya. Wafanyakazi wa rafu za chuma aliowataja Fundi wa Ohio, ambao waliumizwa na sera hiyohiyo, hawakuwekewa mfuko wa aina hiyo. Mkulima ana maseneta wa majimbo yote ya katikati ya nchi, na Iowa ndiko Warepublican wanakoanzia kumtafuta mgombea wao wa urais. Zamu ya usiku iliyofutwa haina seneta. Nikikubali fidia, basi iandikwe katika sheria kabla hasara haijatokea, kwa kigezo kimoja kwa wote, na waziri asipewe nafasi ya kuchagua. Je, mhafidhina wako atakubali sharti hilo?